Ndege mwenye mdomo mrefu kuliko mwili wake: yupo kweli, au ni akili mnemba?

#1 Fundi_Saa
Wakuu, salaam. Shemeji yangu kanirushia kivideo jana usiku, cha sekunde kama arobaini. Kuna kindege cha kijani, kinameta kama wale nzi wa machinjioni, kimetua kwenye kijiti. Sasa mdomo wake! Umenyooka mbele, mrefu kuliko ndege mwenyewe. Nikamjibu shemeji kwamba hii ni akili mnemba, kuna mtu kakaa na kompyuta yake akachukua sindano ya kufumia akambandika ndege usoni. Yeye anashikilia kwamba ni ndege wa kweli, wa Amerika Kusini. Tumewekeana kreti moja ya soda.

Hoja zangu ni hizi. Kwanza, angeelemewa mbele akadondoka kifudifudi. Pili, ndege wote ninaowajua hujichambua manyoya kwa mdomo. Huyu angefikaje kifuani kwake? Ni sawa na mtu kujikuna kidevu kwa upembo wa kuangulia maembe. Tatu, mdudu angemlaje na mijiti ile? Wanaojua ndege njooni, kreti si bei rahisi siku hizi.

#2 Siti_ya_Mbele
Nimeshachukua karanga zangu. Endeleeni.

#3 Bi_Karafuu
Huyo mbona ni chozi tu! Hapa Unguja kila asubuhi wanakuja kwenye mkomamanga wangu. Mdomo mrefu, rangi inameta, ananyonya ua. Watu wa bara mnashangaa kila kitu.

#4 Ticha_wa_Zamu
Fundi, anza kutafuta duka la jumla. Ndege yupo. Jina lake la kisayansi ni Ensifera ensifera, maana yake mbeba upanga, na walivyolirudia mara mbili utadhani hawakuamini macho yao. Anaishi kwenye milima ya Andes, kuanzia Venezuela, kupita Kolombia, Ekwado na Peru, hadi Bolivia. Mdomo peke yake ni kati ya sentimita 8 na 11. Chukua njiti mbili za kiberiti uziunganishe, umeufikia. Uzito wake mzima ni gramu 10 hadi 15, yaani vijiko vitatu vya chai vya sukari. Ndiye ndege pekee duniani ambaye mdomo wake hupita urefu wa mwili, ukiuacha mkia.

Bi Karafuu, shikamoo, lakini si chozi. Chozi ni ndege wa Afrika na Asia, wa kundi moja na akina shomoro. Huyu ni wa jamii ya wavumaji, ambao ndugu zao wa karibu ni teleka, wale warukaji wa kasi tunaowachanganya na mbayuwayu. Chozi na mvumaji wamefanana kwa sababu ya kazi, ukoo ni mbalimbali.

#5 Fundi_Saa
"Ukiuacha mkia." Hapo ndipo shemeji anataka kunipiga chenga. Mimi kwenye dau nilisema mwili wake. Mkia si mwili?

#6 Siti_ya_Mbele
#5 kesi imeshaanza kuhamia mahakama ya rufaa.

#7 Bi_Karafuu
Marahaba Ticha. Haya, basi wa kwangu ni chozi na wako ni huyo mvumaji. Lakini jina "mvumaji" mmelitoa wapi? Mimi na umri huu sijalisikia.

#8 Mpwani_Asilia
Bibi ana haki. Huku Mombasa ukimwambia mtu "mvumaji" atadhani wamzungumzia papa wa baharini, mbona methali ipo: mvumaji baharini papa, kumbe wengi wapo. Wengine husema kolibri, neno la Kihispania hilo limeingizwa mlango wa nyuma.

#9 Kamusi_Tembezi
#8 methali umeikumbuka vizuri ila mvumaji pale ni sifa ya papa, si jina lake. Kuvuma ni kutajika, na kuvuma pia ni ule mlio wa upepo au nyuki. Kwa huyu ndege maana ya pili ndiyo yenyewe, mabawa yake yanavuma akisimama hewani. Kwa hiyo ndege mvumaji ni jina halali kabisa, tatizo ni kwamba ndege hatunaye. Kitu usichokuwa nacho hakuna bibi atakayekupa jina lake. Mimi ningeandika mvumaji mdomo-upanga nikalale.

#10 Mpwani_Asilia
Mvumaji mdomo-upanga. Mbona kama jina la jambazi wa taarabu.

#11 Mhandisi_Mkavu
Turudi kwenye hoja ya kwanza ya Fundi, ya kuelemewa. Mdomo wa ndege si fimbo ya chuma, ni mfupa mwembamba uliofunikwa ganda kama la kucha, kwa hiyo uzito ni mdogo. Lakini hata kitu chepesi kikiwa kirefu kinaelemea, muulize aliyewahi kubeba ngazi. Ndege huyu anatatua hivi: akitua anauinua mdomo juu, karibu wima. Ngazi ukiisimamisha begani haikusumbui kama ukiilaza mbele. Fundi, angalia tena video yako, ametua akiwa ameelekeza wapi?

#12 Fundi_Saa
...Juu. Kama antena ya redio ya mkulima.

#13 Siti_ya_Mbele
Hoja moja chini. Zimebaki mbili.

#14 Mtawa_wa_Mbali
Amani kwenu. Mimi ni Mtanzania, shirika letu lilinipeleka Ekwado nikakaa miaka sita. Huyo ndege nimemwona kwa macho yangu haya, kwa hiyo niruhusuni niandike kirefu kidogo.

Ukitoka Quito ukavuka mlima kuelekea mashariki, unapita mji wa Papallacta wenye maji ya moto, halafu barabara inateremka kwenye bonde la ukungu. Hapo mwinuko ni kama mita 2,700, sawa na kwenye vibanda vya Mandara kule Kilimanjaro, ila kuna unyevu zaidi. Kila tawi limevaa kuvumwani, kila shina lina ndevu, na mvua hainyeshi bali inakaa tu hewani, unajikuta umelowa bila kujua ulilowa saa ngapi. Wenyeji huuita msitu wa mawingu, na hawatanii. Ndege mdomo-upanga anapenda hasa pembezoni mwa msitu kama huo, kati ya mita 2,400 na 3,100 hivi, ingawa huonekana chini na juu ya hapo pia.

Kuna nyumba ya wageni mle bondeni wametundika chupa za maji ya sukari, kipimo kimoja cha sukari kwa vinne vya maji. Nilienda na mgeni mmoja wa parokia. Wavumaji wengine walijaa kwenye chupa kama abiria wa daladala ya mwisho, wanasukumana, wanafukuzana, wale wenye vifua vya rangi ya matofali ndio wakorofi kupita wote. Wao wakinywa, uso umegusa chupa. Ghafla wakatawanyika kidogo. Nikaona kindege kimesimama hewani mbali na chupa, karibu kiganja kizima, kama mtu aliyekataa kukaribia moto. Nikajiuliza mbona hanywi? Kumbe anakunywa. Mdomo ulikuwa umeshafika, yeye mwenyewe ndiye alikuwa bado yuko nje.

Kichwa chake kina rangi ya shaba iliyozeeka, mgongo kijani, koo kijani kinachowaka, na kitone cheupe nyuma ya jicho. Mkia una panda. Huyo ni dume. Jike lilikuja baadaye, chini ni jeupe lenye madoadoa ya kijani, kama mtu aliyerushiwa rangi na gari linalopita.

Hoja ya pili ya Fundi, kujichambua. Dume lilitua kwenye tawi mita tatu toka nilipokuwa. Likauinua upanga juu, likashusha bawa moja, likapitisha mguu juu ya bawa na kujikuna shingoni haraka haraka, mfano wa mbwa mwenye viroboto. Yule mwongozaji akacheka, akasema quinde huyu anajichana kwa miguu kwa sababu mdomo haumfikii. Quinde ndilo jina la wavumaji wote huko, limetokana na lugha ya Kikichwa.

#15 Fundi_Saa
Padre, kama ni padre, umenivunja moyo kwa upole sana. Kreti ya Mirinda au ya Koka?

#16 Mtawa_wa_Mbali
Ni bruda tu, si padre. Na hoja ya tatu usiipiganie: mdudu anamdaka hewani, anaruka mdomo wazi kumfuata. Nilimwona akihangaika na visubi jioni.

#17 Dogo_wa_Kigamboni
Kwa hiyo huyu ndiye mvumaji mkubwa kuliko wote duniani?

#18 Ticha_wa_Zamu
Hapana. Mkubwa ni mvumaji jitu, Patagona, zaidi ya gramu 20, naye ni wa Andes hiyohiyo. Mwaka 2024 wanasayansi walionyesha kwamba kumbe walikuwa spishi mbili zilizofichama kwenye jina moja: mmoja hakai chini, mwaka mzima yuko milimani, na mwingine anazaa karibu na pwani ya Chile halafu anapanda hadi milima ya Peru, zaidi ya kilomita 8,000 kwenda na kurudi. Kwa macho huwezi kuwatofautisha kirahisi. Mdogo kuliko wote ni wa Kuba, gramu 2 tu. Na wote, zaidi ya spishi 350, ni wa Amerika. Hawajawahi kuwepo kwingine.

#19 Mzee_Masalia
Ticha, hilo la mwisho lifute. Hawapo kwingine *leo*. Ujerumani yamechimbuliwa mabaki ya wavumaji ya miaka kama milioni 30 iliyopita, yaliyotangazwa 2004, mdomo mrefu na mifupa ya bega ya ndege wa kusimama hewani. Wakapewa jina Eurotrochilus. Walikuwepo Ulaya, wakaisha.

#20 Ticha_wa_Zamu
Nimefuta, asante Mzee. Leo.

#21 Dogo_wa_Kigamboni
Sawa. Mimi swali langu ni moja tu. KWA NINI? Mdomo wote ule wa nini? Chupa ya maji ya sukari hata kidole kinafika.

#22 Ticha_wa_Zamu
Sasa umeuliza la maana. Chupa ni ya juzi, ua ni la zamani. Kuna mimea ya jamii ya pasheni huko Andes, mmojawapo unaitwa Passiflora mixta, ambayo ua lake ni la waridi na lina bomba refu linalokaribia au kufikia sentimita 10, na mbochi, yaani maji matamu ya ua, iko mwisho kabisa wa bomba. Ndege mwenye mdomo mfupi haifikii. Mdomo-upanga anaifikia, na akisukuma uso ndani anapakwa chavua usoni, anaipeleka ua jingine. Maelezo yanayofundishwa ni kwamba wawili hawa wamevutana. Ua lenye bomba refu kidogo humlazimisha ndege kusukuma hadi apakwe vizuri, kwa hiyo linazaa zaidi. Ndege mwenye mdomo mrefu kidogo anashiba zaidi. Vizazi na vizazi, kila mmoja anamrefusha mwenzake. Makadirio ni kwamba mchezo huu umeanza zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita.

#23 Mama_Shamba_Nyeri
Huku kwetu pasheni inachavushwa na wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao za paa. Ua liko wazi kama sahani. Hiyo yenye bomba ni pasheni gani?

#24 Mtawa_wa_Mbali
#23 mama, ni dada zake. Ile wanayoila Ekwado wanaiita taxo, Kolombia ni curuba, Peru ni tumbo. Tunda refu kama kidole cha ndizi, manjano, ndani machungwa. Masista walikuwa wananisagia na maziwa. Ua lake linaning'inia kichwa chini, waridi, bomba refu. Kila nilipoliona uani nilikuwa naangalia kama upanga utakuja. Haukuja hata siku moja, tulikuwa mjini mno.

#25 Mgosi_wa_Milimani
Wakuu nipo Lushoto. Ticha, maelezo yako ya kuvutana nayaheshimu ila kuna kitu sikielewi. Kwa shangazi kuna mti wa yale maua makubwa ya tarumbeta, meupe, yananing'inia, yananukia usiku. Bomba lake linazidi hata hilo lako. Chozi wa hapa mdomo wake haufiki popote. Unajua anafanyaje? Anakuja juu, kwenye kitako cha ua, anatoboa tundu, ananywa, anaondoka. Hajapakwa chavua hata chembe. Sasa kama wizi unawezekana, kuna haja gani ya kukuza mdomo kwa miaka milioni 10?

#26 Siti_ya_Mbele
Mgosi kaleta uchumi wa mtaani kwenye baiolojia. Karanga zimeisha, naagiza nyingine.

#27 Mzee_Masalia
Mgosi, mti wako huo asili yake ni hukohuko Amerika Kusini, jina Brugmansia. Ni mgeni hapa kama mahindi. Na una habari ya kusikitisha: spishi zake zote zimeorodheshwa kuwa zimetoweka porini, zimebaki za kupandwa na watu. Zile nyekundu zisizonukia huchavushwa na wavumaji, na mdomo-upanga ni mteja wao. Nyeupe zinazonukia usiku ni za nondo. Chozi wako hakualikwa, ndiyo maana kaingilia dirishani.

Na wizi upo Andes pia. Kuna ndege wadogo wenye ncha ya mdomo iliyopinda kama ndoana, wanashika ua kwa ndoana na kulitoboa kwa mdomo wa chini. Wamo msitu mmoja na mdomo-upanga. Kwa hiyo swali lako ni zito: njia zote mbili zilikuwepo.

#28 Muuguzi_Mstaafu
Mgosi, ule mti una sumu, majani, maua, mbegu, vyote. Ukiushika usijifute macho, mboni zitafunguka na hutaona vizuri hadi kesho. Watoto wasichezee.

#29 Mgosi_wa_Milimani
Asante mama. Shangazi anajua, mbuzi tu ndiye aliyekuwa hajui.

#30 Mhandisi_Mkavu
Mbuzi alikuwaje?

#31 Mgosi_wa_Milimani
Alipona. Alitembea kinyumenyume siku nzima.

#32 Bint_Naivasha
Nina maelezo tofauti na ya Ticha. Mimi naona jambo ni ushindani, ua limefuata tu. Bruda kwenye #14 ametuambia wavumaji wengine wanafukuzana na kuumizana kwa ajili ya chupa. Ua fupi kila mtu analiweza, kwa hiyo lazima ulilinde. Kulinda kuna gharama. Huku Naivasha miaka ya 1970 watafiti wawili, Frank Gill na Larry Wolf, walikaa wakihesabu chozi mabawa-dhahabu, analinda maua mangapi na anatumia nguvu kiasi gani kumfukuza mwenzake. Wakaona analinda pale tu ambapo kulinda kunalipa, maua yakiwa haba sana au tele sana anaacha.

Sasa mdomo-upanga halindi kitu. Anapita njia yake, ua hili, kisha lile la mbali, kisha linalofuata, kama mchuuzi wa maziwa mwenye nyumba zake. Anaweza kwa sababu kwenye zile nyumba hakuna mwingine mwenye ufunguo. Mdomo mrefu kwake ni ufunguo wa kuepuka ugomvi.

#33 Ticha_wa_Zamu
Bint, nakubali nusu. Lakini ukishakuwa na ufunguo wa sentimita 6 umeshawaacha wengi. Kwa nini aendelee hadi 10? Ushindani unaeleza mwanzo, hauelezi mwisho.

#34 Bint_Naivasha
Na kuvutana kwako kunaeleza mwisho bila mwanzo. Tuko sare.

#35 Mzee_Masalia
Niwaongezee la tatu, msigombane. Hadithi hii ina ndugu yake karibu na kwetu, Madagaska. Kuna okidi nyeupe yenye mfuko wa mbochi wa karibu sentimita 30. Mwaka 1862 Charles Darwin akasema lazima yupo nondo mwenye ulimi wa urefu huo, watu wakacheka. Alfred Russel Wallace akamuunga mkono miaka mitano baadaye. Nondo akatangazwa 1903, akapewa jina praedicta, yaani aliyetabiriwa. Ndugu yake wa bara, Xanthopan morganii, yuko hapa Afrika Mashariki, kwenye taa ya kibaraza chako huenda umeshampiga kwa kandambili.

Basi Mjerumani mmoja, Lutz Wasserthal, akaja kusema: si okidi iliyomrefusha nondo. Nondo alirefuka ulimi ili akae mbali na ua, kwa sababu buibui wanavizia ndani ya maua. Kisha okidi ikamkuta tayari ana ulimi mrefu, ikajirefusha kumfuata. Yaani ua ndilo lililomfuata mnyama, wala hawakuvutana.

#36 Dogo_wa_Kigamboni
Kwa hiyo mdomo-upanga anaogopa buibui?

#37 Mzee_Masalia
Sikusema hivyo. Nimesema mpangilio wa nani alianza haujulikani kwa kuangalia urefu tu. Ukiona kiatu na mguu vimelingana huwezi kujua kipi kilipimwa kwa kipi.

#38 Mpwani_Asilia
Kiatu ndicho hupimwa kwa mguu, Mzee.

#39 Fundi_Saa
#38 inategemea. Nilivaa viatu vya kaka shuleni miaka minne, mguu ndio uliojipima.

#40 Ustadhi_Pole
Jamani, Mwenyezi Mungu amemuumba ndege na riziki yake akampa na chombo cha kuifikia. Hapo pana shida gani?

#41 Mtawa_wa_Mbali
#40 hapana shida, ustadhi. Nami nilisema hivyohivyo nilipomwona. Ila Dogo anauliza chombo kilivyochongwa, si nani fundi.

#42 Mama_Shamba_Nyeri
Mimi nimekwama kwenye jambo moja. Kama ua linamtegemea ndege mmoja tu, ndege akifa, je?

#43 Ticha_wa_Zamu
Mama, utafiti uliotoka 2014 uligusa hapo. Kuna spishi zaidi ya thelathini za pasheni za kundi hilo zinazomtegemea mdomo-upanga. Lakini walipochora ukoo wao waliona kwamba baadhi zimeshatoroka. Bomba limefupishwa tena, na sasa zinachavushwa na wavumaji wa mdomo mfupi, nyingine na popo. Na si mara moja, imetokea mara kadhaa. Kwa hiyo hata kama wamevutana, kamba inaweza kuachiwa.

Na angalia upande wa pili: yeye halitegemei ua lolote kiasi hicho. Anakunywa Brugmansia, anakunywa maua mengine marefu, na kama Bruda alivyoona, anakunywa chupa. Mtegemezi ni ua.

#44 Bint_Naivasha
Ndiyo niliyosema. Mteja hana shida, mwenye duka ndiye anayeomba.

#45 Mhandisi_Mkavu
Mimi swali la kifundi. Ukinywa soda kwa mrija wa sentimita 10 unavuta kwa mapafu. Ndege anavutaje?

#46 Ticha_wa_Zamu
Havuti. Ulimi wake umegawanyika ncha mbili, kila ncha ina mfereji na kingo zenye pindo laini. Anautoa umebanwa, ukigusa mbochi unafunguka na kujaa, akiurudisha mdomo unaukamua. Mara nyingi kwa sekunde. Zamani walidhani maji yanapanda yenyewe kama mafuta kwenye utambi wa koroboi. Kuanzia 2011 picha za video za polepole zikaonyesha si hivyo. Na ulimi huo, mifupa yake ya kuushikilia inazunguka nyuma ya fuvu.

#47 Mhandisi_Mkavu
Kumbe ni pampu. Nimeridhika.

#48 Mgosi_wa_Milimani
Na baridi? Mita 3,000 usiku, gramu 12, tumbo lina maji ya sukari tu. Mimi hapa Lushoto Julai nalala na blanketi mbili.

#49 Mzee_Masalia
Wavumaji wengi wa Andes wanajizima usiku. Joto la mwili linashuka, moyo unapungua mwendo, asubuhi wanajiwasha kwa kutetemeka. Mwaka 2020 zilichapishwa takwimu kutoka milima ya Peru, mvumaji mmoja mweusi alifika kama nyuzi 3 za Selsiasi. Karibu na friji. Asubuhi akaruka.

#50 Siti_ya_Mbele
Simu yangu ingekuwa hivyo nisingekuwa nashinda kwenye kibanda cha kuchaji.

#51 Bi_Karafuu
Nimesoma yote. Wangu wa mkomamanga hana upanga wala hajizimi, lakini haniombi chupa ya sukari. Na kule Kilimanjaro kuna chozi wa juu kabisa kwenye lobelia kubwa, mume wangu marehemu alikuwa mbeba mizigo, alikuwa akinihadithia: kijani, mkia mrefu, anatokeza kwenye baridi ambapo hata kunguru anafikiri mara mbili. Msiwasifu wageni mkawasahau wenyeji.

#52 Ticha_wa_Zamu
Huyo ni kweli kabisa, bibi. Yuko Kilimanjaro, yuko na Mlima Kenya. Akipata muda wake tutamfungulia uzi.

#53 Fundi_Saa
Shemeji amesoma uzi wote. Kreti imeenda. Ila tumeanza dau jipya: mimi nasema Bint Naivasha ndiye mwenye ukweli, yeye anasema Ticha. Nani anaamua?

#54 Mzee_Masalia
Hakuna. Kunyweni soda.

#55 Mgosi_wa_Milimani
Nimerudi. Leo asubuhi nimevaa glavu za shangazi za kuoshea vyombo, nikachukua rula ya mtoto, nikaenda kwenye mti. Maua 14 yaliyofunguka. Bomba na mdomo wake, refu kuliko yote sentimita 27, fupi 22. Yenye tundu kwenye kitako: 11. Mengine yana tundu mbili. Nilipokuwa bado nahesabu alikuja yuleyule chozi, akatua juu ya ua nililolishika, akaniangalia, akatoboa. Halafu nilipolifungua lile ua nikakuta ndani, karibu na mdomo wa tarumbeta, buibui mmoja wa manjano amekaa kimya.

#56 Dogo_wa_Kigamboni
BUIBUI. Mzee Masalia njoo huku.